Mama Hatameza Vidonge

Huruma,
S.L.P. 2214,
Eldoret.
14 Juni 1987

Mpendwa ndugu yangu Mburu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tuko wazima, Mungu ni mwema, ila mafua ya baridi hii bado hayajatuacha. Wewe na mkeo Tryphosa mnaendeleaje na masomo huko Amerika? Naandika kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, ili Tryphosa naye ajisomee kila neno bila wewe kumtafsiria. Namjua mkalimani wangu.

Mvua imenyesha vizuri, na mahindi ya mume wangu Gathogo kule Turbo yamefika kiunoni. Duka nalo linasonga.

Sasa vile vidonge. Rafiki yenu alivileta salama, ahsanteni. Sijampa binti yenu hata kimoja, na sitampa.

Mwalimu Jeruto aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto hatulii, hasikii akiitwa, na macho yake yako dirishani. Basi Tryphosa akaona ni ule ugonjwa wa watoto wasiotulia, unaotibiwa kila siku kwenye kliniki anakofanya kazi. Jamani! Tangu lini ugonjwa ukapimwa kwa posta? Na huko kwenu kila mtoto anayerukaruka ni mgonjwa?

Msiniite mshamba anayeogopa dawa. Mtoto wa jirani yangu Okello alipoanza kuanguka kifafa, ni mimi niliyembeba hadi hospitali ya misheni kule Plateau, na zile dawa zimemsaidia mpaka leo. Pengine huo ugonjwa mnaousema upo kweli kwa watoto wengine, sibishi. Lakini daktari huangalia mtoto, haangalii ripoti.

Nilikwenda shuleni nikaketi nyuma ya darasa asubuhi nzima. Wanakaa wanne kwenye deski la wawili, na wa kwenu yuko pembeni, ameshikilia kwa tako moja. Wenzake wakipumua tu anaanguka, halafu anaambiwa hatulii. Hata mchungaji angesimama!

Kisha mwalimu akaita, "Loise! Wewe Loise!" Mtoto akageuka nyuma kuangalia huyo Loise mkaidi ni nani. Mburu, ni nani amewahi kumwita mtoto huyu Loise? Hilo ni la ubatizo, liko kwenye kadi tu. Kwetu amebeba jina la mama yetu Mwihaki, nami namwita Mama, vile wewe ulivyomwita tangu azaliwe. Gathogo humwita mama mkwe na kumpisha mlangoni kwa utani. Nilipomweleza mwalimu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Pole, Mama, mimi nilidhani ni masikio," akaniambia. Siku hizi anamwita Mwihaki, na anaitika.

Sisemi ni malaika. Wiki jana nilimteremsha kutoka juu ya paa la duka, na alinisikia vizuri sana siku hiyo. Lakini hata mwenye jina, mama yetu, hakuwa mtu wa kukaa. Umesahau alivyokuwa akila amesimama?

Gathogo alinishauri ningoje mjibu kwanza. Nimekataa. Asiyekuwapo na lake halipo. Vidonge nimevitupa kwenye choo cha shimo, na hakuna atakayevifuata huko. Mkikasirika, kasirikeni.

Lakini hilo la dirisha ni kweli, mwalimu hakukosea. Nilimuuliza Mama mwenyewe anaangalia nini. Dirisha lile linaelekea barabara yanakopita mabasi ya Nairobi. Akaniambia anaangalia yale yanayosimama, kwa sababu baba alisema atashuka hapo. Tafuteni kidonge cha hilo, na mkikipata, kimezeni nyinyi.

Gathogo anawasalimu sana, na Okello na mkewe pia. Mungu awalinde ugenini na awanyooshee njia ya kurudi nyumbani.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Wacera