Filamu ya Mama Kwenye Begi Kubwa

Tangu Jumapili ile Mama alipotutoka, filamu ya kamera yake sijaiachia. Alitupiga picha sote, "Tabasamuni, mbona kama mnadaiwa?" Picha ya mwisho ni yeye mwenyewe, nilimpiga mimi.

Leo uwanja wa ndege nikamwomba mkaguzi aiangalie kwa mkono, isipite kwenye mashine. Mionzi inaharibu filamu. Nafungua mkoba, haipo!

Nikampigia mama mdogo. "Nimeihamishia begi kubwa mwanangu, nikaiviringisha kwenye sweta la marehemu dada yangu. Mkobani wangekuibia."

Begi kubwa!! Lilishachukuliwa. Na mashine ya mizigo ile ndiyo kali kuliko zote.

Begi kubwa, mwenzangu.

Akaniuliza, "Nimefanya vizuri, eh?" Amefiwa na dada yake, ningesema nini? "Umefanya vizuri, mama." Nikaenda kulia chooni.

Nimetua, nimekimbia moja kwa moja kwa fundi wa kusafisha picha. Kaigeuza mkononi. "Inaweza kutoka ukungu mtupu. Siwezi kukuahidi kitu."

Ameingia nayo chumba cha giza. Nimekaa mlangoni, na mama mdogo anapiga kuuliza kama picha zimetoka.