Jiwe Lenye Nilipeleka Dispansere

Mujukuu wangu Furaha,

Nakusalimia sana. Baba yako iko muzuri, maharagi imeota, na ile mbuzi yenye ulipenda imezaa mbili. Unaniuliza kutoka Kinshasa nani alijengaka dispansere, ile nyumba ya matibabu ya Nyabiondo. Wee, swali lako limenichanganya kichwa.

Ni sisi. Ilikuwa wakati wa Babeleji, nikiwa binti mudogo. Wenye ng'ombe balileta maziwa ya mafundi, sisi wakulima tukaleta maharagi, na kila nyumba ikatoa jiwe moja kubwa. Mama akanituma. Nikaona moja zuri kwenye mwisho wa shamba letu, nikalibeba kwa kichwa. Bantu bakanipigia makofi.

Musimu wa kupanda ulipofika, baba akatafuta jiwe la mupaka kati yetu na malisho ya jirani, Papa Gasore. Hakuna. Nikasema ukweli, nikachapwa. Baba na Papa Gasore bakakimbia kwenye dispansere, bakazunguka ukuta muzima.

"Njo hili!"

"Hapana, njo lile!"

Ile saa muke wa Papa Gasore alikuwa ndani, anazaa. Mutoto akalia. Bale babiri bakaacha ukuta, bakarudi nyumbani pamoja. Mpaka kufa kwao, hakuna mwenye aliwekaka jiwe lingine pale kwenye mupaka.

Jioni yule mama akanitumia maziwa. Nikakunywa, mugongo bado unaniuma. Wewe mwenye umesoma, niambie: lile jiwe nilitoa, ao niliiba?

Ni mie, koko wako, mama ya baba yako.