Raheli Analala kwa Bibi Yake

Jumatatu, 4 Machi 1974

Wanataka kunichukulia mwanangu Raheli! Sefania, baba yake, amefungua shauri mahakamani Lushoto. Miaka yote yuko Muheza na mke mwingine, leo ndiyo anakumbuka ana mtoto. Na mtoto mwenyewe sasa ana miaka minane, wa kwanza darasani, akisoma Zaburi kanisani mchungaji anafumba macho. Nani asiyemtaka? Hakimu anamtuma mtaalamu, Bi Zuhura wa Ustawi wa Jamii, azione nyumba zetu zote mbili. Aje! Atakuta yangu inang'aa.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja. Viatu tope tupu, lakini viazi vyangu alikula akaongeza. Nikamwonyesha kitanda changu cha chuma — hapa kijijini nani mwingine anacho? — nikasema ndipo anapolala Raheli. Mdomo wangu huu! Kumbe huko nje alimwuliza mtoto peke yake. Raheli akajibu, nalala kwa bibi.

Kweli analala kwa mama yangu, mlango wa pili. Watoto wa huku ndivyo tunavyolelewa. Si ningesema tu! Nilitaka mgeni wa Tanga asituone tumebaki nyuma.

Jumatatu, 11 Machi

Mahakamani.  Bi Zuhura kaandika: mtoto hulala kwa bibi, si kwa mama, mama amedanganya, afadhali aende kwa baba, kuna chumba chake.

Mzee Kornelio, mmoja wa wazee wa baraza wanaomshauri hakimu, akaruka. "Mwanangu, hata mimi nimelala kwa bibi. Kwani nilitupwa?"

Watu wakacheka. Bi Zuhura hakucheka. "Shikamoo mzee. Mila naiheshimu. Ila aliyenidanganya juu ya kitanda, atanificha nini kingine?"



Hakimu akasema maoni ya mtaalamu ni ushauri, hayamfungi. Lakini hawezi kuyatupa kwa sababu wazee wamecheka. Atakuja mwenyewe amsikie mtoto.

Jumanne, 12 Machi

Mama anasema nimfundishe Raheli la kujibu. Nimekataa. Uongo mmoja umenitosha!

Jioni tukimenya maharage, Raheli akaniuliza hakimu ataulizaje. Nikamwambia, wewe sema kweli tu, mwanangu.

"Yote?"

"Yote."

Akamenya maharage mawili. Halafu: "Hata akiniuliza kama namtaka baba?"

Nikainama kupuliza moto. Ulikuwa unawaka vizuri tu.

Raheli ameshakwenda kulala kwa bibi, swali lake ameniachia. Na Alhamisi wanakuja wote — hakimu, wazee wa baraza, Bi Zuhura, na Sefania.