Nimekimbia na kiatu kimoja cha kanisani

Mpendwa mshauri Agnela, shikamoo hupati kwangu maana kwenye picha ya gazeti naona bado una meno yote, lakini msaada nauomba kama mtoto. Mimi ni mstaafu wa Elerai, kila asubuhi nakimbia taratibu na jirani yangu Yiamat, yeye na katambuga zake za tairi, mimi na raba, njiani tunawateta wachungaji na tunarudi tumeshiba hewa. Raba zangu ni za zamani ila hazijatoboka, sasa goti la kushoto likaanza kuuma, na kijana mmoja mwalimu wa michezo akaniambia, "Mzee, hizo zimeshakufa, tafuta pea nyingine uwe unabadilisha," nami mpaka leo sielewi kiatu kinakufaje wakati hakina tundu, enzi za foleni za maduka ya ushirika raba tulivaa mpaka kidole gumba kiwasalimie watu.

Basi nikaenda mitumbani Kwa Mrombo nikapata pea nyeupe, laini kama mkate wa asubuhi, nikafika nayo nyumbani, mke wangu Aikande akaishika akasema hizi ni za kanisani, na kwetu kitu kikishaitwa cha kanisani hakigusi matope mpaka kichakae. Nikajiuliza, goti linaloumwa ni moja, viatu viwili vya nini? Nikawa navaa kipya mguu wa kushoto, kulia kile cha zamani, ili nichafue nusu tu. Goti likanyamaza, nikajiona daktari, ila sasa nyonga ya kulia inawaka, na Jumapili nikavaa pea nyeupe, cha kushoto kina matope, mlangoni pa kanisa Aikande akaangalia chini akaniuliza, "Baba Hans, hiki cha kushoto kilikwenda wapi bila mwenzake?" Yiamat alicheka mpaka akashika ukuta. Aikande amesema akiniona nachechemea tena pea zote anampa Yiamat, mimi nikae barazani na wazee wenzangu, kwa hiyo mbele yake natembea nimejikaza kama bwana harusi. Nikiacha kukimbia nitakuwa mzee kweli, na hilo sijajiandaa nalo. Je, kiatu kinakufa? Na nyonga imeingiaje kwenye ugomvi wa goti?

Elirehema, Elerai

Mzee Elirehema, shikamoo naitoa mimi, halafu nakugombeza. Kiatu kinakufa ndani kabla hakijatoboka nje. Sponji ya kisigino ikishalala haiamki, na kuanzia hapo goti ndilo linalopokea kishindo. Bonyeza soli ya raba ya zamani ubavuni kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha. Nyonga haijaingilia ugomvi wa mtu. Umekimbia kama mwenye mguu mmoja barabarani na mwingine mtaroni, kisa ubahili wa matope.

Mwalimu alisema ubadilishe pea, leo hii kesho ile, ili sponji ipumzike na jasho likauke, hasa kwa baridi yetu ya Juni. Hakusema uzichanganye. Nyeupe ni pea moja. Ya pili katafute jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, vaa vyote viwili na soksi, vidole vibakiwe na nafasi ya dole gumba la mkono mbele, ukimbie hapo hapo sokoni, wakicheka umeshazoea. Na kwa kuwa ni mitumba, weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande, mwenyewe wa kwanza ameshakifundisha mwendo wake, kiache. Kikilowa usikianike karibu na jiko, gundi itaachia. Jaza gazeti ndani, hata hili.

Sasa Mama Hans. Barua yako nimeisoma mara mbili na sijaona alipotishia kwa sababu ya matope. Anachokataa ni kukuona unachechemea. Kamweleze habari yote ya goti, mpe raba ya zamani aibonyeze mwenyewe, kisha umwombe ile nyeupe ihame kanisa. Wiki hii hukimbii, unatembea tu na Yiamat. Nyonga ikizidi kuwaka, nenda hospitali usiniandikie mimi. Jumapili vaa viatu vyako vya ngozi, vyote viwili, na kama bado unachechemea, chechemea akuone.