Gari la Kikorea Nililoliogopa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Katandala tu wazima, na kikohozi cha bibi yako kimepona. Unauliza kama ununue gari la Kikorea. Swali hilo limeniondolea utulivu, maana ujanani nilikuwa nalo.

Watu walinitisha: "Wakorea juzi tu walikuwa wanaunganisha magari ya wenzao. Vipuri utapata wapi?" Basi nikalifunika turubai uani. Kila asubuhi naliwasha, nasikiliza injini, nalizima.

Siku moja tukapata habari kuwa mama mkwe anaumwa huko Milepa. Nikasema tusubiri lori. Bibi yako, aliyefundishwa kuendesha na kaka zake, akaninyang'anya ufunguo.

"Unaogopa gari au unaogopa maneno ya watu?"

Akaendesha mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni yake nikitega sikio kwa kila mlio, na kwenye mteremko nilifumba macho. Tulimfikisha mama hospitali, akapona. Gari halikusumbua hata kidogo, likadumu nasi miaka mingi.

La kwako likaguliwe na fundi, kisha uamue mwenyewe. Kuogopa niachie mimi, nimeshazoea. Wewe endesha.

Babu yako