Kila Jioni Nawaombea kwa Majina, Sasa Wananikimbia

Mama Muhonja mpendwa, mshauri wetu, nimelemewa, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijabaki na mtu mmoja.

Nakaa mtaa wa Pipeline na mume wangu Opicho na binti yetu Marion, au niseme tulikuwa tukikaa naye, maana ameondoka na hilo ndilo linaloniliza. Tangu niokoke niliamua kwamba kwangu hakuna siku itakayoisha bila ibada, kwa hivyo jioni tukimaliza kula natoa vyombo, nazima televisheni, tunaimba wimbo mmoja, nasoma Neno, kisha naomba mimi kwa niaba ya wote, kwa sababu wao ukiwaachia wanaomba kama watu wanaoogopa kuachwa na gari, na mimi sipendi maombi ya juu juu, napenda kumtajia Mungu kila mtu kwa jina lake na shida yake, nikisema Bwana mwone Opicho, mtoe kwa wale watu wake wa pombe, mkumbushe ana familia, na Marion naye mguse aache uvivu na simu, na wao walikuwa wakiitika amina vizuri tu.

Sasa shetani ameingia. Alianza na Opicho, ambaye siku hizi akitoka kiwandani anakula haraka na kupanda juu ya paa, pale tunapoanika nguo, anakaa huko mpaka tumalize, na nikimuuliza anasema anapunga hewa. Halafu Marion. Kijana aliyekuwa ameshakuja kwetu kujitambulisha alimwacha, Marion akaniambia jikoni akilia, akanisihi nisimwambie hata baba yake, nami sikumwambia mtu, Mungu ni shahidi, ila Alhamisi akina mama wa ushirika walikuja kwangu, Marion akiwa ameketi nasi, na tulipokuwa tukiomba roho ikaniongoza nikasema, Bwana, mponye binti yangu aliyeachwa na mchumba, vunja hicho kiburi kilichomkosesha mume, na nilipofumbua macho kiti chake kilikuwa wazi.

Ameenda kwa mdogo wangu huko Kayole. Nilipompigia arudi tuombe pamoja alinijibu, "Mum, niombee tu nikiwa sipo," akakata simu. Mtoto niliyemlea kanisani, Mama Muhonja. Je, nifunge ili hii roho ya kuchukia ibada itoke, ama nimwite pasta aje aiombee nyumba?

Nabalayo, Pipeline

Nabalayo dada yangu, pole. Najua hulali vizuri wakati kitanda cha mtoto hakina mtu. Na nakuheshimu pia, kwa sababu kuweka ibada kila jioni kwenye nyumba hizo za kubanana, watu wamechoka na jirani amefungulia muziki, si kazi ndogo. Wengi wetu tumeanza na kuachia njiani.

Lakini umeniuliza, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Pasta mwache kwanza. Hapo kwako hakuna roho ya kuchukia ibada. Kuna mume na binti waliochoka kusemwa wakiwa wamefumba macho.

Hebu rudia maombi uliyoniandikia. Kwani Mungu hajui Opicho anakunywa na nani? Maneno hayo yalikuwa ya kumwambia Opicho mwenyewe, ukayapitisha kwa Mungu kwa sababu hapo hawezi kukujibu. Mwanaume akimkatiza mkewe katikati ya maombi ataonekana mtu wa aina gani? Basi akapanda juu ya paa. Ningekuwa yeye ningepanda pia.

Na Marion. Unasema hukumwambia mtu, ilhali uliwaambia akina mama wote waliokuwa sebuleni kwako. Siri aliyokupa akilia uliianika mbele ya wageni, kisha ukaongeza kiburi juu yake, kana kwamba amejiacha mwenyewe. Usimsingizie roho. Ulikuwa ulimi wako, nao ulimuumiza mtoto ambaye tayari alikuwa ameumia.

Ibada usiiache. Shikilia saa ile ile na wimbo ule ule, hata ukiwa peke yako. Ila ukifika kwenye kuungama makosa, taja ya mtu mmoja, naye ni Nabalayo. Siku Opicho atakapobaki mezani, mwachie aombe yeye, na akisema maneno machache akamaliza, itika amina na usimwongezee. Habari ya pombe mwambie mkiwa wawili, macho wazi, na umsikilize akijibu. Wale akina mama wa ushirika waambie ulikosea kutaja mambo ya mtoto, na uwaombe yaishie hapo.

Kisha nenda Kayole. Usiende na Biblia wala pasta, na usimwambie arudi nyumbani. Mwombe msamaha kwa maneno ya kawaida, ukimwangalia yeye. Akinyamaza, kunywa chai ya mdogo wako, aga, urudi zako.

Tena yale maneno ya kwenye simu uliyapokea kama tusi, na mimi nimeyasoma nikamhurumia. Baada ya yote uliyomfanyia, huyo binti bado anataka maombi ya mama yake. Amekuomba umwombee, Nabalayo. Leo jioni mwombee akiwa hayupo, kwa sauti ya chini, na utakachomwambia Mungu kisitoke hapo.