Kwaya kwa Bi Koultoum

Laïla, nicheke kabisa, nimestahili!

Jirani yetu hapa Mahajanga, Bi Koultoum, kafiwa na mume. Mimi, kwa upendo wangu wa Kikristo, nikampelekea kwaya nzima ya kanisa. Na wanaume! Kwa mjane aliyekaa eda! Na mambo ya eda ulinieleza wewe mwenyewe huko Nosy Be!

Kabla hatujafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Wanaume wabaki nje. Kuteka maji wanajua?"

Wanajua, Laïla! Mume wangu kateka na suti yake ileile ya sherehe za uhuru, kalowa mpaka tai. Hatukuimba hata ubeti mmoja.

Pipa lilipojaa, pazia likasema: "Wimbo wenu mtamu. Kesho mrudie."